Kula vegani ukiwa umevuka hamsini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima wa miaka hamsini na kuendelea wanaotaka kujaribu kula vegani, yaani bila nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa na vijana kwa ajili ya vijana wenzao, na mwili wa miaka sitini una hesabu zake. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayelijua faili lako.

Nina miaka 63. Sijachelewa?

Hujachelewa. Ila kijana anaweza kula ovyo miaka mitatu mwili ukamvumilia, na wewe hutavumiliwa hivyo. Umri unapokwenda misuli hupungua yenyewe, mifupa hupoteza uzito (hasa kwa akina mama baada ya kukoma hedhi), na tumbo la wengi huanza kutoa asidi kidogo, kwa hiyo baadhi ya virutubisho hupita bila kufyonzwa. Nyama, maziwa na mayai vilikuwa vinaziba mapengo hayo kimyakimya. Ukiviondoa, lazima uweke kitu mahali pake, na uweke kwa makusudi. Wazee wengi wanaoshindwa kula vegani hawakushindwa kuacha nyama. Waliiacha vizuri sana, wakabaki na ugali na mchicha.

Kwani chakula chetu wengi si tayari cha mimea?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hiki ni chakula cha wazungu. Makande ya mahindi na maharage, mbaazi za nazi kwa mahamri ya Mombasa (uliza kama unga umekandwa kwa tui au kwa maziwa), kisamvu cha karanga, githeri ya Mlima Kenya, muthokoi wa Ukambani, magimbi na muhogo wa futari, choroko, njugu mawe, mlenda, sombe ya Kongo (kisamvu chao) yenye mawese: hakuna hata kimoja kinachohitaji mnyama. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha kama ilivyo ada, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi.

Majirani zetu wa Ethiopia wamekwenda mbali zaidi. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, Kwaresima nzima ya siku 55, na mifungo mingine, hadi siku kama 180 kwa mwaka kwa muumini wa kawaida. Ndiyo sababu ukiingia mgahawa wa Kihabeshi Nairobi au Dar es Salaam ukaomba chakula cha mfungo, utaletewa injera iliyozungukwa na dengu, shiro (mchuzi wa unga wa kunde) na mboga za majani bila mtu kukuuliza una tatizo gani. Wasabato nao, kuanzia Upareni mpaka Kisii, wana wazee walioacha nyama miaka mingi kwa kufuata mafundisho ya afya ya kanisa lao. Wengi wao hunywa maziwa, lakini waulize kuhusu kupika soya, wanajua.

Tahadhari moja: chipsi kavu kwa soda ni vegani. Andazi la mafuta lisilo na maziwa wala mayai, kwa chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne, ni vegani pia. Jina la ulaji halisemi chochote kuhusu ubora wa sahani.

Nitatoa wapi protini?

Kwenye jamii ya kunde, na kwa kiasi kikubwa kuliko ulichozoea. Mwongozo wa kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Jopo la wataalamu lililoandika mwaka 2013 kuhusu walio juu ya miaka 65 lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli ya mzee haiitikii protini kwa wepesi kama ya kijana. Mama wa kilo 60 anahitaji basi kati ya gramu 60 na 72.

Tuifanyie kazi hesabu hiyo jikoni. Asubuhi, bakuli la uji wa ulezi lililokorogewa vijiko viwili vya siagi ya karanga: gramu 12 hivi. Mchana, kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva, kwa ugali wa dona: gramu 30 na kidogo. Saa kumi, konzi ya karanga za kukaanga bila mafuta: 7. Usiku, kikombe cha choroko au dengu kwa wali na mchicha: 22 hivi. Jumla imevuka 70.

Sasa angalia hicho kikombe na nusu cha mchana. Sisemi upawa mmoja wa mchuzi wenye maharage kumi na mawili yanayoelea. Chukua kikombe cha chai cha kawaida, kijaze maharage yaliyochujwa mchuzi, mimina kwenye sahani, halafu ongeza nusu yake. Wengi wakiona rundo hilo mara ya kwanza hucheka. Tumezoea ugali uwe mlima na mboga iwe pembeni, na hapa milima inabidi iwe miwili.

Kama tumbo lako dogo halibebi kiasi hicho, tumia soya. Kikombe cha soya zilizoiva kina karibu gramu 30 za protini, mara mbili ya maharage. Vipande vikavu vya soya vinavyouzwa kwenye maduka makubwa na sokoni ni rahisi: loweka kwenye maji moto, kamua, kaanga na kitunguu, nyanya na hoho. Soma tu kiwango cha chumvi kwenye pakiti kama una presha.

Ni kweli lazima ninywe vidonge vya vitamini B12?

Lazima. Swali hili halina jibu la katikati.

B12 hutengenezwa na bakteria. Wanyama huipata na kuihifadhi, nasi tukaipata kwao. Mimea haina ya kutegemewa, na anayekwambia utaipata kwenye mwani, udongo wa karoti au uji wa kuchacha anakudanganya, hata kama hajui. Chama cha kwanza cha vegani kilianzishwa Uingereza mwezi Novemba 1944 na Donald Watson na wenzake, miaka minne kabla wanasayansi hawajaitenga B12 mwaka 1948. Watu wa mwanzo walikuwa wanapapasa gizani. Wewe huna sababu hiyo.

Hatari yake ni kwamba haiji haraka. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo unaweza kuacha nyama leo ukajisikia mwepesi mwaka mzima, ukaamini mambo ni shwari. Halafu zinaanza ganzi za vidole vya miguu, ulimi unawasha, unayumba ukitembea gizani, unasahau majina. Kwa mtu wa miaka 70 dalili hizi huitwa uzee, au kisukari, au kurogwa, na muda unapita huku neva zinaharibika. Uharibifu wa neva ukikaa sana haurudi wote. Kibaya zaidi, mboga za majani zina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu ambao ungemshtua daktari mapema.

Mahitaji ya mwili ni madogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku. Lakini kidonge hunywewa kikiwa na zaidi, kwa sababu utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Utaratibu unaotumika sana ni kidonge cha kila siku chenye angalau mikrogramu 10 (kwa wazee, wataalamu wengi hupendekeza zaidi ya hapo), au jumla ya mikrogramu 2,000 kwa wiki. Habari njema kwa wenye tumbo lililopungua asidi: B12 ya kidonge haijashikamana na protini kama ya kwenye nyama, kwa hiyo huifyonza kwa urahisi zaidi. Marekani wanawashauri hata wanaokula nyama waliovuka 50 waipate kwa njia hiyo.

Nina B-complex niliyopewa zahanati. Si ndiyo hiyo hiyo?

Huenda siyo. Vile vidonge vidogo vya bei nafuu mara nyingi vina B1, B2 na nikotinamidi tu. Geuza kopo usome viambato: unatafuta neno cyanocobalamin au methylcobalamin, na mbele yake kiasi. Kama halipo, rudi kwa mfamasia umwambie unataka yenye B12. Zipo pia sindano za vitamini B ambazo wazee wengi wanazipenda kwa sababu ya miguu. Zinaweza kuwa na B12 ya kutosha kabisa, ila usidungwe dukani bila kipimo wala cheti cha daktari.

Natumia dawa za kisukari na presha. Naweza kuanza kesho?

Usianze kesho. Anza baada ya kuonana na daktari wako, na mwambie wazi unabadilisha nini.

Wanaotumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho, kama glibenklamidi na gliklazidi, wako kwenye hatari ya sukari kushuka. Mtu aliyekuwa anakula wali mweupe sahani mbili akahamia kwenye maharage na dona, huku dozi ikibaki ileile, anaweza kutetemeka na kutoka jasho saa tisa usiku. Pima sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo na weka kitu kitamu karibu na kitanda.

Metformini haishushi sukari kwa namna hiyo, lakini ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzaji wa B12. Omeprazoli na wenzake wa vidonda vya tumbo hufanya vivyo hivyo. Ukiwa unazitumia zote mbili halafu ukaacha nyama, omba kipimo cha B12 kabla hujaanza.

Presha nayo inaweza kushuka ukipunguza uzito na chumvi. Mtu akisimama kutoka kitandani akaona kizunguzungu, apime, asijipunguzie dawa mwenyewe.

Kuna na warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Sukuma wiki, mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hukatazwi mboga. Unachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na kupima damu mara tu unapobadili mlo. Mwenye dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, aimeze kabla ya kula na kuiacha mbali na soya na vidonge vya kalsiamu kwa muda wa saa nne hivi.

Ni nani asijaribu kabisa?

Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu peke yake. Maharage, viazi, ndizi, machungwa, mchicha na madafu vina potasiamu nyingi, na figo iliyochoka isipoitoa, moyo ndio unaopata shida. Wapo wagonjwa wa figo wanaokula vyakula vya mimea vizuri tu, lakini wanaongozwa na mtaalamu wa lishe mwenye majibu ya vipimo vyao mkononi.

Wengine ni hawa: aliyekonda bila sababu inayojulikana, aliye kwenye matibabu ya saratani au kifua kikuu, aliyetoka kwenye upasuaji, mzee anayekula vijiko vitatu akasema ameshiba. Hawa wanahitaji kila protini wanayoweza kuimeza, yai likiwemo. Huo si wakati wa majaribio.

Mifupa itakuwaje bila maziwa?

Hapa nakuwa mkali kidogo, kwa sababu watetezi wa ulaji huu hupenda kuruka sura hii. Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza uliwafuatilia watu karibu 55,000 kwa takribani miaka 18. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kuwa vegani walivunjika nyonga kwa kiwango cha mara 2.3 ukilinganisha na wala nyama. Sehemu ya sababu ilikuwa wembamba wao, kalsiamu ndogo na protini ndogo. Mzee kuvunjika nyonga si jambo la plasta na wiki sita. Wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Kalsiamu basi. Marekani wanataka miligramu 1,200 kwa siku kwa wanawake waliovuka 50, Uingereza wanasema 700 zinatosha. Shika popote katikati na hutakosea sana. Kikombe cha maziwa kilikuwa kinakupa karibu 300. Unga wa ulezi una kama 340 kwa gramu 100, lakini bakuli la uji hutumia gramu 40 tu, kwa hiyo ni 130 hivi. Ongeza kijiko cha chakula cha ufuta usiokobolewa, 88. Sukuma wiki inatoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri. Mchicha na spinachi zina kalsiamu kwa wingi kwenye majedwali, ila oksalati zilizomo huishikilia isifyonzwe, kwa hiyo msiweke matumaini yote kwenye mchicha. Kama ukijumlisha hufiki 700, zungumza na daktari kuhusu kidonge.

Vitamini D tunaipata kwa jua, na jua tunalo. Tatizo ni kwamba ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana, ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi juani, na bibi anayeshinda sebuleni na kutoka amejifunika hapati kitu. Na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini wakati wa baridi wasitegemee jua kabisa, wanunue kidonge.

Halafu mazoezi. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kujishikilia kwa mikono, kaa tena, rudia mpaka mapaja yachoke. Fanya hivyo kila siku kadiri unavyoweza. Maharage bila kazi ya misuli hayajengi mguu.

Damu itapungua?

Si lazima. Mama aliyekoma hedhi anahitaji chuma kidogo kuliko alivyohitaji akiwa msichana, miligramu 8 kwa siku, sawa na mwanamume. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida zaidi kuliko cha nyama, kwa hiyo vegani huambiwa walenge karibu mara mbili ya hapo. Kamulia ndimu kwenye maharage, au kula pera au embe baada ya chakula, kwa sababu vitamini C husaidia. Na ile chai ya kushushia chakula isogezwe mbele saa moja, kwani huzuia chuma. Kwa Mswahili hili ndilo gumu kuliko kuacha nyama.

Mzee ambaye damu imepungua ghafla asihangaike na rozela na biti. Apimwe. Huenda anavuja damu tumboni.

Maharage yananijaza gesi, nitafanyaje mbele za watu?

Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kisha yaive kabisa, kwani yakiwa mabichimabichi yana sumu inayotapisha. Anza na choroko na dengu zilizokobolewa, ni nyepesi tumboni, kisha uongeze kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Utumbo huzoea. Tangawizi na bizari nzima wengi huzisifu.

Magadi yanaivisha haraka, lakini yanaongeza sodiamu kwa mwenye presha na kuharibu vitamini B1. Afadhali uloweke.

Meno yangu machache. Karanga sitaziweza.

Siagi ya karanga, tui la karanga kwenye mboga, dengu zilizopondwa, rojo la choroko, mbaazi zilizoiva hadi kupasuka, uji wa unga wa soya na ulezi. Tofu (jibini ya maziwa ya soya) ni laini kuliko nyama yoyote. Mlenda unateleza wenyewe.

Chai bila maziwa siiwezi. Tui la nazi si mbadala?

Kwa ladha, ndiyo. Kwa lishe, hapana: tui halina protini ya maana wala kalsiamu, na mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli). Mchicha wa nazi mara moja moja, sawa. Tui zito kila mlo kwa mtu mwenye lehemu nyingi, hapana.

Maziwa ya soya ndiyo yanayokaribia. Loweka soya usiku, menya maganda kwa kuzisugua, saga na maji, chuja kwa kitambaa, chemsha ukikoroga kwa dakika ishirini hivi ili ile harufu ya ubichi iondoke. Yanakatika kidogo kwenye chai kali, kwa hiyo pasha maziwa pembeni halafu mimina chai juu yake. Ya nyumbani yana protini lakini kalsiamu yake ni ndogo. Ya dukani tafuta yaliyoandikwa yameongezwa kalsiamu.

Au jifunze chai ya rangi yenye iliki na mchaichai. Wazanzibari wanaijua.

Nimesikia huu ulaji unaponya kisukari, presha na hata saratani.

Hauponyi saratani, na anayekuuzia hivyo mkimbie.

Kwa kisukari na moyo kuna ukweli fulani. Katika utafiti mkubwa wa Wasabato wa Marekani na Kanada unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 2.9 ya vegani, dhidi ya asilimia 7.6 ya wala nyama. Vegani pia walikuwa wembamba zaidi. Lakini kumbuka hao ni watu wanaochagua mengi kuhusu afya zao, na utafiti wa kuwaangalia watu hauthibitishi sababu peke yake. EPIC-Oxford nayo, kwenye matokeo ya mwaka 2019, ilikuta magonjwa ya mishipa ya moyo ni pungufu kwa wasiokula nyama, huku kiharusi kikiwa juu kidogo. Picha ina pande mbili. Ukijaribu, jaribu kwa sababu unataka kula hivyo, na presha ikishuka uhesabu ni nyongeza.

Kwenye harusi, msiba na sikukuu nifanyeje?

Kwanza, usiseme tu "sili nyama". Utaletewa kuku. Ukikataa kuku utaletewa samaki, na ukikataa samaki utaambiwa basi chukua mchuzi wake. Sema mapema unachokula: "Mimi wali na maharage vinanitosha, na kachumbari." Mwenyeji akijua unachokula anatulia. Akijua tu usichokula, anaona aibu.

Umri hapa ni faida. Kijana akikataa pilau anaonekana ana maringo. Mzee akisema "daktari kanibana, mwanangu" anasamehewa papo hapo, na kwa kuwa ushaonana na daktari, si uongo sana.

Msibani kula kabla ya kwenda. Wali unaopikwa kwenye sufuria kubwa mara nyingi umekolezwa supu. Maandazi huwa na maziwa au mayai, baadhi ya chapati pia, halua huwa na samli, na vile vipande vya viungo vya kukolezea mchuzi huweza kuwa na mafuta ya ng'ombe au unga wa kuku. Kila mtu ataamua mwenyewe ataichunguza sufuria ya jirani kwa kiasi gani. Mimi sioni faida ya mzee kuhoji wapishi wa msiba.

Siku ya Idi, anayechinja udhuhia bado anaweza kuchinja na kugawa kwa majirani na maskini. Mwenye shaka amuulize shehe wake, hilo si la mtaalamu wa lishe.

Mama mkwe wangu ana miaka 71, ameamua ghafla. Mimi ndiye mpishi. Nimpikieje bila kupika sufuria mbili?

Pika chungu kimoja cha mboga ya kunde iwe ya nyumba nzima, na nyama iwe pembeni kwa wanaoitaka, badala ya kupika nyama kwanza halafu kumtafutia mama kitu. Chemsha maharage mengi Jumamosi, gawanya kwenye vyombo, gandisha. Unga wa ulezi na siagi ya karanga visikauke ndani. Sahani ya mama ipakuliwe kwanza, maana watoto wakitangulia maharage yataisha na yeye atasema "hainidhuru, mwanangu, nitakula na mchicha". Usimkubalie.

Kidonge cha B12 kiweke kwenye kikasha kimoja na dawa zake nyingine. Na mpime uzito kila mwezi kwenye mizani ileile. Vitenge vikianza kuzunguka kiuno mara moja zaidi ya kawaida, au akipoteza kilo tatu katika kilo 60 ndani ya miezi sita bila kukusudia, mpeleke hospitali, usisubiri.

Mafuta ya samaki tunayoambiwa ni mazuri kwa moyo, tutayapata wapi?

Mbegu za chia na za kitani zina jamaa yake, na chia inalimwa hapa Afrika Mashariki. Kijiko kimoja kwenye uji kwa siku. Mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa aina ile ya samaki, kwa hiyo wenye uwezo hununua mafuta ya mwani yaliyowekwa kwenye vidonge.

Na madini joto?

Chumvi ya dukani iliyoandikwa ina madini joto, kidogo tu. Chumvi ya mawe na zile za rangi ya waridi za bei mbaya mara nyingi hazina.

Niache vyote kwa siku moja au polepole?

Polepole, na kwa mpangilio ambao ni kinyume cha wengi wanavyofanya. Wiki za kwanza usiondoe kitu. Ongeza maharage, anza kidonge, zoesha tumbo. Ukishaona unamaliza kikombe na nusu bila taabu, ondoa nyama nyekundu na kuku. Maziwa na mayai viwe vya mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyomshikilia mzee. Pima damu, sukari, presha na uzito mwanzoni, halafu tena baada ya miezi mitatu.

Ukiishia kwenye siku tano za mimea na mbili za samaki, hakuna polisi wa vegani atakayegonga mlango.

Nimejaribu miezi kadhaa, afya nzuri, lakini nataka dagaa wangu. Nirudi?

Rudi. Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza, wakiliwa wazima na miiba yao, wana protini, kalsiamu, B12 na mafuta mazuri ya moyo kwenye konzi moja. Kwa mtu mwenye mifupa dhaifu ni vigumu kumshauri vinginevyo. Waloweke kwanza kama wamekaushwa kwa chumvi, toa mchanga, kaanga kwa mafuta kidogo na ndimu. Maharage usiyapunguze.